Jagi la Mchana wa Ramadhani

Mwalimu Salha binti Amiri alikuwa mjane wa marehemu Jamaldini, na kama hapa Dodoma kulikuwa na mtu asiyelijua hilo, basi mtu huyo alishuka na treni asubuhi ile ile. Mababu wa marehemu walifika na misafara, wakauza nguo na chumvi, wakajenga nyumba yenye baraza pana, na tangu hapo jina lao halikupata doa. Mwalimu alilitunza kama mashuka yake meupe: alilifua kabla halijachafuka.

Ndiyo maana kila mwezi binti yake Shamila alipojikunja sakafuni, jasho likimtoka, Mwalimu alianza kwa kufunga madirisha. Hakuwa mama katili. Alimkanda kwa maji ya moto, akampa vidonge vya maumivu, kisha akamweleza kwa Kiswahili safi kwamba wanawake wameumbwa hivyo. Mashangazi walisema akiolewa yataisha. Na mume alikuwa tayari: Imrani, mwana wa jirani yao Bi Stara, alikwishaleta posa.

Lakini mwezi mmoja Shamila alizimia chuoni, juu ya taipureta, mbele ya darasa zima. Sasa hapakuwa na dirisha la kufunga.

Miaka ile hospitali za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, zikachipuka mjini kama maduka ya mitumba. Moja ilikuwa imeleta mashine ya utrasaundi, na mji mzima ulijua kazi yake, nayo ni moja tu: kutazama mtoto tumboni.

"Mama, watasema nina mimba," alisema Shamila. "Na Bi Stara akisikia, posa imekwisha."

"Hawatasema, maana hawatatuona. Tutakwenda Ramadhani, saa nne asubuhi. Saa hizo watu wetu wamelala au wanachambua choroko za futari. Nani atakuwa hospitali?"

Ulikuwa mpango wa mtu aliyesoma. Walipofika, mapokezi palikuwa kimya, na Mwalimu kwa tahadhari zaidi akaandikisha jina lake mwenyewe. Dada wa mapokezi akawapa jagi la maji na kikombe.

"Mgonjwa anywe yote, kibofu kijae. Bila hivyo daktari haoni kitu."

Mwalimu alilitazama jagi lile. Katika hesabu zake zote hakukuwa na maji.

Shamila alikuwa ndiyo kwanza ameinua kikombe mlango ulipofunguka, akaingia Bi Stara mwenyewe. Alikuwa amekuja kupima presha, ambayo aliificha mtaani, naye pia alichagua Ramadhani ili asionwe na mtu.

Walitazamana. Kikombe kilikuwa kimesimama hewani. Mwalimu alinyoosha mkono akakichukua.

"Nipe maji yangu, mwanangu," alisema, akanywa. Alikunywa mpaka chini, saa nne ya mchana wa Ramadhani, yeye aliyewafundisha wanawake wa mtaa adabu za funga.

"Mwalimu," alisema Bi Stara polepole, "unaumwa?"

"Kidogo. Nasubiri kipimo."

"Kipimo gani?"

"Utrasaundi."

Bi Stara aliketi bila kutazama kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwepo.

"Shamila, kaoshe jagi," alisema Mwalimu. Shamila akaenda nalo nyuma kwenye bomba, akanywa hadi akawa hawezi kuinama. Jina la Mwalimu lilipoitwa, binti aliingia naye, kumshikia mkoba.

Ndani, aliyepanda kitandani ni Shamila. Daktari Respicius alimpaka mafuta ya baridi, akapitisha kile kidude tumboni, akarudia, akainama kwenye kioo.

"Mimba hakuna," alisema.

"Hilo nalijua. Nimekuuliza ugonjwa," alisema Mwalimu.

Daktari akawaonyesha. Ukuta wa nyuma wa mfuko wa uzazi ulikuwa mnene kuliko wa mbele, na ndani yake mna vitundu vidogo vyeusi. Utando wa ndani wa mfuko, alisema, umepenya kwenye nyama ya ukuta, na kila mwezi unavuja damu humo humo. "Tulifundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa akina mama waliozaa sana. Mabinti wakilia, tunawarudisha nyumbani. Kumbe hatukuwa tunawatazama. Unaitwa adenomiosisi."

Mwalimu alilirudia neno lile mara mbili. Lilikuwa refu, lina heshima. Ugonjwa wa jina kama hilo haukuiaibisha nyumba. Ndipo daktari akataja dawa: vidonge vya majira, mwaka mzima kwanza, na aliposikia kuna posa, akasema harusi isiharakishwe kabla hawajaona vinavyomfaa.

"Vidonge vya kuzuia mimba? Kwa binti yangu?"

"Mama, mimi nitameza hata misumari," alisema Shamila kitandani. "Ila uniondoe hapa, nakaribia kuaibisha ukoo."

Vidonge vilichukuliwa kila mwezi kwenye dirisha la dawa la hospitali, kwa jina la Mwalimu. Mtaa ulichanganyikiwa: kama ana mimba, vidonge vya nini? Wengine walianza kumtazama vibaya mzee Filipo wa Mkonze, aliyekuwa akimletea zabibu tangu walipofundisha pamoja.

Siku ya Iddi ya kuchinja Bi Stara alikuja na sinia la biskuti, akamkagua Mwalimu kuanzia kifuani kushuka chini.

"Bado haijaonekana," alinong'ona. "Dada yangu, sikuulizi ni ya nani. Nimeongea na Imrani. Harusi tuisogeze hadi mwakani, wewe kwanza ujifungue salama."

Mwalimu Salha aliinua kidevu. Alilifikiria jina la marehemu, na mashuka yake yote meupe. Shamila alikuwa akiingia na birika la chai. Ilikuwa wiki yake ile mbaya, naye alitembea wima.

"Ahsante, Stara," alisema Mwalimu. "Mwakani ndiyo vizuri."

Akaweka mkono juu ya tumbo lake, taratibu, kama wafanyavyo wajawazito.