Beki Aliyetengwa na Ngitili Letu

Mtu pekee aliyewahi kunizaba kofi mbele ya mke wangu amefariki. Habari niliipata Jumatatu asubuhi, nikiwa nimekaa pale ambapo wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua nakaa kila Jumatatu, na Jumanne pia, yaani mlangoni kwangu. Jirani alipita na baiskeli, wala hakushuka, akaegemeza mguu ukutani na kusema, "Yule beki wenu wa jicho moja katutoka. Anazikwa leo jioni kwao." Mke wangu akatoka ndani mikono imejaa unga, akaniangalia. "Utaenda?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba mumewe hajavuka barabara kuu tangu harusi ya shemeji yake. Nikasema nitaenda. Akarudi ndani mbio akanipigia pasi shati kabla sijabadili mawazo.

Marehemu alikuwa beki wa kati wa timu ya kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, na mimi nilikuwa katibu. Ukatibu nilipewa kwa sababu mbili: nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa siwezi kupiga mpira ukaenda mbele. Safari za ugenini sikwenda. Nilisubiri wachezaji warudi, wanisimulie, kisha naandika ripoti ya mechi kama mtu aliyeiona. Yeye alicheza kana kwamba anapasua kuni. Washambuliaji wa Shishiyu wakimwona tu walihamia upande wa pili wa uwanja, wote watatu, wakabanana huko kama mbuzi kwenye mvua. Siku moja nilimshuhudia akimvunja mtu mguu, mfupa ukalia tukausikia mpaka kwenye kona, halafu akambeba mgongoni mwenyewe hadi zahanati, huku akimgombeza njia nzima: "Si nilikuambia usipite hapa? Nilikuambia, sikukuambia?" Na yule mwenye mguu uliovunjika anajibu kwa adabu, "Uliniambia, kaka."

Nje ya uwanja alikuwa mlinzi wa ngitili. Kwa msomaji wa mbali, ngitili ni malisho ya akiba. Mvua zikianza linafungwa, ng'ombe haingii na shoka haliingii, majani yanakua na miti inatulia, mpaka kiangazi kikishakaza ndipo linafunguliwa kwa zamu, wanyama wapate cha kutafuna hadi mvua zirudi. La kwetu lilikuwa la kijiji kizima. Marehemu alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, hana shamba kubwa la pamba, hana ndugu mjini. Ngitili likifa, naye hana kitu. Hilo tulilijua wote, na mimi nililijua kuliko wengine kwa sababu ndilo alilokuwa akinieleza kila alipokuja kuomba nimwandikie barua.

Likaja soko huria. Zamani chama cha ushirika kilikuwa kikinunua pamba yetu yote, na kwenye kila mzigo kinabakiza kidogo kwa ajili ya timu. Jezi zilitoka huko, na lori la kutupeleka mechi lilitoka huko. Mara tukasikia ruksa, kila mtu anunue, na wanunuzi wakaja na mizani yao, kila mmoja na kivuli chake cha turubai, wakali kwa bei na wepesi wa kuondoka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mpira kwenye mizani yake. Timu ikabaki na jezi tano. Timu ilikwenda Lingeka nusu ya wachezaji wakiwa vifua wazi, na wenyeji nao nusu vifua wazi, na nilisimuliwa kwamba mchezaji wetu mmoja alipewa pasi nzuri sana na mpinzani. Ndipo akatokea mfanyabiashara mmoja wa mkaa kutoka mjini. Akasema atatupa jezi mpya, viatu, mipira, na lori msimu mzima. Yeye anataka miti ya ngitili tu. Kamati ilikubali kabla chai haijapoa. Marehemu alikuwa Malampaka kwenye msiba wa mjomba wake, na kuna aliyesema tumsubiri, nikasema mimi, katibu, kwamba akidi imetimia. Mkataba niliuandika kwa mwandiko wangu mzuri. Niliandika kwamba itakatwa "miti iliyokomaa," nikajisifu moyoni kwa kuweka sharti kali. Nani ataamua mti gani umekomaa, hilo sikuandika. Wale wakataji waliamua kwamba mti wowote unaoweza kubeba ndege umekomaa.

Alirudi akayakuta mashoka kazini. Hakuuliza. Alikuwa na fimbo yake ya mti mgumu wa mkingu, akaingia nayo katikati yao kama anaingia kwenye kona iliyopigwa vibaya. Mmoja alivunjika mkono juu ya kiwiko, mwingine akapasuka utaya, waliobaki wakakimbia wakaacha mashoka na sufuria ya ugali motoni. Kutoka huko akaja kwangu, shati lina damu isiyo yake. Nilikuwa nakula.

"Katibu," akasema, "ile karatasi umeandika wewe?"

"Nimeandika kwa niaba ya kamati."

Akanizaba kofi nikaona vijiko viwili pale palipokuwa na kimoja. "Na hilo," akasema, "ni kwa niaba ya ng'ombe." Mke wangu, ambaye nilitarajia atapiga kelele, alisema, "Shemeji, ungemwacha avue miwani kwanza." Baadaye aliniambia kofi lile lilikuwa halali yangu, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameliahirisha tu.

Sungusungu walikaa. Ntemi wao, ndicho cheo cha kiongozi wa ulinzi wa jadi, akatoa hukumu: atengwe. Kutengwa kwetu si maneno. Mtu hasalimiwi, hapewi moto, mkewe hachoti maji wenzake wakiwepo, na ukisikika umesema naye hata neno moja unalipa wewe. Halafu kapteni wetu akanyoosha mkono. "Sasa Jumapili nani atakaa kati?" Wasomaji, sisi ni watu wa ajabu. Tulijadili suala hilo saa nzima, na mwishowe nikaandika kwenye muhtasari, kwa mkono huu huu, kwamba mtuhumiwa ataendelea kutengwa na kijiji, isipokuwa atacheza, ila asisemeshwe. Nilidhani atagoma. Alikuja. Alivaa jezi mpya ya mfanyabiashara wa mkaa, na alipoona tunashangaa akaiambia nguzo ya goli, kwa kuwa ndiyo pekee iliyoruhusiwa kumsikiliza, "Timu ni yangu. Nyie mmekuja juzi."

Tulicheza na vijana wa Malampaka, nyumbani, kwa hiyo nilikuwepo. Mpira wa juu ukaingia kwenye boksi letu. Golikipa akautokea. Mahali pengine popote duniani golikipa angepaza sauti, "Yangu!" na beki angeinama. Golikipa wetu alifungua mdomo, akaikumbuka hukumu, akaufunga. Vichwa viligongana hewani kwa mlio wa kibuyu kinachopasuka. Mpira ukaanguka ukajiviringisha taratibu ndani ya goli, hakuna aliyeugusa. Golikipa alitema meno mawili. Marehemu, damu inamchuruzika nyusini, akamwinamia: "Mbona hukuita?" Golikipa akageukia mashabiki na mdomo wake mwekundu akasema, "Mwambieni huyu kwamba hatusemi naye." Ndipo ngumi zikaanza. Si na Malampaka. Sisi kwa sisi. Wale wa kamati upande huu, wale wenye ng'ombe wengi upande ule, fimbo zikatoka kwa watazamaji, mtu mmoja aling'atwa sikio likabaki linaning'inia, na Malampaka wamekaa kwenye majani wanakula karanga wakitutazama. Refa alipuliza mpaka akachoka akaitupa filimbi, akaondoka zake. Jezi za mkaa zilichanika siku ile ile.

Kiangazi kilipokaza ndipo hesabu ya kweli ilipofika. Miti haipo, na kwa kuwa mlinzi ametengwa, hakuna wa kuzuia mifugo. Ng'ombe wakaingia ngitili kabla ya wakati, wote kwa pamoja, na kwa siku chache tu pakabaki vumbi na visiki. Palipobaki kijani ni mahali pamoja tu: uwanja wa mpira, maana uko kwenye kibonde kinachoshika unyevu. Wachungaji wakaileta mifugo uwanjani. Wachezaji wakatoka na fimbo kuizuia. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limesimama, na nilikuwa nimekaa kwangu, mita mia tu kutoka pale, nikaona yote. Niliona panga likishuka kwenye mguu wa nyuma wa ng'ombe, mnyama akakaa kama mtu, akalia sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Niliona binamu wawili waliolelewa nyumba moja wakipigana kwa lengo la kuuana. Mwano ukapigwa, ile kelele yetu ya hatari ambayo ukiisikia lazima uende. Mimi sikwenda. Aliyekwenda ni yule ambaye hakuna aliyekuwa na haki ya kumwita. Alikimbia kutoka kwake akajitupa kati ya binamu wale, mmoja akiwa ni kapteni wetu, na fimbo iliyokuwa ya kichwa cha kapteni ikamwingia yeye jichoni.

Mkutano ukaitwa. Ntemi akamgeukia, na hayo yalikuwa maneno ya kwanza yeye kuambiwa kwa miezi mitano. "Sema unataka faini gani." Kwa mila yetu mtu angetaja ng'ombe, na angepewa. Alikuwa amefungwa kitambaa kichafu usoni, kimelowa.

"Ng'ombe sitaki," akasema. "Nitampa ale nini?"

Akawageukia wanakamati.

"Nataka ngitili lifungwe. Na walinde wao. Wale waliosaini na wale waliovaa zile jezi. Kila mtu na siku yake, mpaka mimi niseme basi."

"Na katibu?" mtu akauliza, na nadhani alikuwa mke wangu.

"Katibu Alhamisi."

Hivyo ndivyo mtu wa kukaa alivyopewa fimbo. Wiki ya kwanza dume la mtu lilinipandisha juu ya kisiki nikakaa huko hadi adhuhuri. Wiki ya pili mchungaji alinichapa kwa fimbo yangu mwenyewe, kisha akanirudishia. Nilikwenda miaka mitatu. Visiki vikachipua, maana mizizi ilikuwa hai chini, na mwaka wa tatu tukavuna majani ya kuezekea na fito, kiasi alichokubali yeye tu, tukauza, tukanunua mpira. Jezi hatukununua. Tulicheza upande mmoja vifua wazi.

Siku hizi nasikia redioni semina za mpira na mazingira, wafadhili wanapanda mti mmoja wakipigwa picha kumi. Siwacheki, mimi niliyeandika ule mkataba. Wala sitaki kumfanya marehemu malaika. Yule mkata miti mkono wake haukunyooka, na alikuwa kibarua tu, mwenye njaa kama sisi, aliyeajiriwa na karatasi yangu. Marehemu alilijua hilo. Kila mavuno ya mpunga alimpelekea gunia, akiliacha mlangoni bila kubisha hodi, na sijui kama mwenye mkono alimsamehe. Ninachojua ni kwamba fimbo zote zile, meno, jicho, mguu wa yule ng'ombe, zilianza siku tuliyotaka furaha yetu ilipiwe na kitu ambacho hakikuwa mezani kujitetea.

Nilifika msibani nikiwa nimechoka kama niliyetoka Mwanza kwa miguu. Mjane alikuwa amekaa na wanawake wenzake.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma chetu, nikimwita mama.

"Mwadila. Katibu! Umetoka nyumbani?"

"Nimetoka."

"Basi kweli amekufa," akasema, na wanawake wakacheka huku wanalia. Akanishika mkono. "Mwenzako alisema katika walinzi wote wewe ulikuwa mbovu kupita kiasi. Alisema ng'ombe wakikuona walikuwa wanaitana."

"Ni kweli, mayu."

"Lakini alisema hukukosa Alhamisi hata moja. Alikuwa anakuja kuangalia kwa mbali. Hukumwona?"

Sikumwona. Miaka mitatu sikumwona. Nilitupa udongo wangu kaburini, nikatembea kurudi peke yangu kupitia pembeni ya ngitili, ambalo sasa ni kubwa kiasi cha kuficha mtu, na somo likanifikia kwa kuchelewa: mtu akikupa kitu cha kukufurahisha, nenda kwanza kaone kinakokatwa. Nenda kwa miguu yako mwenyewe, hata kama ni mbali, hata kama wewe ni mtu wa kukaa.