Kipele Chenye Duara

Siku ya kwanza kazini, hospitali moja ya Homa Bay, nilipewa ndoo na kitambaa. Shule yangu iliishia darasa la sita. Lakini baada ya miaka miwili nilikuwa nakata nyama ya wagonjwa iliyogandishwa ndani ya nta, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, naitandaza juu ya kioo kwa ncha ya brashi. Kioo hicho ndicho slaidi. Kazi hiyo ni ya vidole, si ya vyeti.

Aliyeniharibia vidole namtaja: Msimamizi wa Maabara, Bwana Odundo Rakwach.

Nilitoka kipele cha zambarau mkononi, kimezungukwa na duara jeupe, halafu duara lingine la damu iliyovilia. Odundo alikiangalia kwa macho tu.

"Nyar Mbita, binti wa ziwani! Hiyo tunaijua. Saratani ya wenye Ukimwi."

"Mkubwa, nimepimwa, sina."

"Utakuwa nao. Kwenu mwanamke hanunui samaki wa wavuvi kwa pesa peke yake."

Wenzangu wa maabara wakacheka, wote.

Kipande cha kipele kikakatwa. Jibu Odundo aliliandika slaidi haijakauka. Nikatundikiwa dripu za dawa kali za saratani miezi sita. Nywele zilirudi. Vidole havikurudi. Vimekufa ganzi, hata kifungo cha blauzi nafungiwa na binti yangu Akinyi.

Nikahamishiwa Migori, kufagia tena. Daktari wa Maabara wa huko, mama asiyependa maneno mengi, aliagiza ile nta yenye kipande changu, ikakatwa upya.

"Mama Akinyi, njoo ujionee kwenye darubini."

Juu juu ya ngozi mishipa midogo ya damu ilikuwa imepanuka, seli zake zimetokeza ndani kama vichwa vya misumari. Chini zaidi mishipa imebanwa ikawa nyufa tu. Pembeni kulikuwa na madini ya chuma yaliyoachwa na damu iliyovuja, yamepakwa rangi ya maabara yakawa buluu. Damu hiyo ndiyo iliyochora lile duara.

"Hii ni hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani," akasema. "Aina hii ni nadra, lakini haiui mtu. Ingetolewa tu, basi."

Ingetolewa tu! Na mimi nilishamaliza dripu zote.

Nikastaafu kabla ya umri. Siku ya kuniaga, Odundo alitoka Homa Bay kuja kula kuku na kunisifu. Nikamvuta mpaka kwenye darubini, slaidi yangu iko chini ya lenzi.

"Hebu tazama, mkubwa."

Akainama, akazungushazungusha. "Eeh, naona. Ni ile ile niliyosema."

Vijana mnaoingia maabara, sikieni: taa ya hiyo darubini sikuwa nimeiwasha.