Walivyoisifu Mbayuwayu

Pikipiki ile ilipoingia Pemba, madereva wa kituo cha Wawi waliijadili kutwa nzima. Ilikuwa toleo jipya, jembamba, mkia umeinuka juu, wakaipa jina la Mbayuwayu. Mmoja alisema abiria wake hukaa kama yuko barazani kwake. Mwengine alisema haili mafuta. Haroub, mgumu wa kusifu kitu, alisema mbele ni nyepesi mno kwa njia za kwetu, na Kificho, ambaye hakubali kushindwa maneno, akamwambia wivu umemkaa kooni.

Wa kwanza kuinunua alikuwa Pandu, mume wa Moza.

Moza alikuwa na meza yake pale pale kituoni, chini ya kipande cha bati, akiuza chai, maandazi na mihogo ya kuchemsha. Kila siku aliwasikia wakimtania mumewe: ati Pandu akimpakia mgonjwa, mgonjwa hupona njiani kabla ya kuiona hospitali, ati kuku wakimwona anakuja hawajisumbui kuondoka barabarani. Pandu akicheka tu. Hakuwa mtu wa mbio. Hata alipopata Mbayuwayu alikwenda mwendo wake ule ule, na watoto wa skuli wakampita kwa baiskeli.

Siku moja ya mvua za vuli, akishuka mteremko wa kuelekea Ole, chombo kilimtupa. Hakuwa na abiria. Alifikishwa hospitali yu hai na Haroub, aliyekuwa nyuma yake njiani, akauliza kama Moza keshafunga biashara, na kabla ya alasiri akakata roho. Jioni ile wakamzika.

Moza alikaa eda. Alipotoka alirudi kwenye meza yake, kwani pengine pa kwenda hakuwa napo. Alikuta Mbayuwayu zimejaa kituoni. Kificho anayo. Hata Haroub anayo, maana chombo chake cha zamani kilikuwa kimemfia. Wote walimwamkia kwa adabu, wakampa pole, wakanunua chai yake.

Asubuhi moja, akiwa anamimina chai, akamsikia abiria anauliza kama si pikipiki hizi zilizoua mtu.

"Chombo hakina neno, yakhe," Kificho alijibu. "Marehemu alikuwa akikimbiza. Mvua ile, mteremko ule, na mtu anakimbiza! Mungu amrehemu."

"Amin," wenzake wakaitikia.

Moza alingoja mmoja wao aseme sivyo. Walikuwa watu wale wale waliozoea kucheka mpaka machozi yakawatoka kwa upole wa mwendo wa Pandu. Hakuna aliyefungua mdomo ila kutafuna andazi.

Tangu hapo akawa anayasikia kila mara. Mdomoni mwao Pandu akageuka mtu mwengine, mtu wa papara, asiyesikia la mtu. Na lililomuumiza Moza kuliko yote ni kwamba na yeye alianza kujiuliza. Alipokuwa peke yake njiani, pengine alikuwa akikimbiza kweli? Mke anajua nini cha barabarani?

Masika yakaingia. Alasiri moja mvua ilimkuta anafunga vyombo vyake, na Haroub akamwambia apande amfikishe nyumbani Ole. Moza hakuwa amekaa juu ya chombo cha namna ile tangu kifo cha mumewe. Alikaa upande, akashika chuma cha nyuma, akaanza kusoma dua kimoyomoyo.

Walipofika kwenye ule mteremko, Haroub alipunguza mwendo. Kisha Moza akaviona vidole vyake vya mkono wa kulia vinaachia breki, vyote, vikajikunja na kuganda kwenye mpini kana kwamba breki ile ina moto. Mguu peke yake ndio uliokuwa ukikanyaga, kidogo kidogo. Mbele yao alikuwa Kificho na abiria wake. Naye vidole kavikunja vivyo hivyo.

"Simamisha, Haroub," alisema walipofika tambarare.

Akasimamisha.

"Mbona huishiki breki ya mkono?"

"Njia ina utelezi, shemegi."

"Na Kificho, mbona naye haishiki?"

Haroub alitazama barabarani. Mvua ilikuwa ikimchuruzika usoni.

"Siku ile wewe ndiye uliyekuwa nyuma yake. Pandu alikuwa akikimbiza?"

"Wallahi hakuwa akikimbiza. Alishika breki ya mkono, gurudumu la mbele likakamata pale pale, likagoma kuzunguka. Nimeona kwa macho yangu. Na mie ilishataka kunitupa. Sote twajua."

"Mwajua! Basi mbona mwamsingizia?"

"Tukisema ni chombo, kesho asubuhi tutakipandaje?" Haroub alisema kwa sauti ndogo. "Ndicho hiki tulicho nacho. Lakini ikiwa kosa ni la Pandu, mtu hupanda akijiambia yeye si Pandu."

Moza alishuka, akamalizia njia kwa miguu.

Siku chache baadaye alifika kituoni mtu wa makamo kutoka Chokocho, jina lake Jaribu, anataka kununua pikipiki na anataka rai za wenyewe. Kificho akaisifu Mbayuwayu toka taa mpaka mkia. Moza akaweka birika chini.

"Mume wangu kafa nayo, na hakuwa akikimbiza," alisema. "Breki ya mbele hukamata penye maji. Muulize Haroub huyu hapa, kwa nini haishiki mteremkoni."

Jaribu akamgeukia Haroub. Haroub aliinama, akawa kama anakaza nati.

"Inategemea na mpandaji," akasema.

"Bi Moza bado ana msiba," Kificho alisema kwa upole. "Tumwombee subira."

Jaribu akampa pole kwa heshima zote, akanunua maandazi, akaenda zake Chake Chake. Wiki haikwisha akapita pale juu ya Mbayuwayu mpya, akawapigia honi.

Jioni hiyo mkwewe Moza, Bi Saada, alikuwa ukumbini akichambua mchele kwenye ungo.

"Nimesikia ati mwanangu alikuwa akienda mbio," alisema bila kuinua macho.

"Hakuwa, mama. Haroub kaniapia."

"Basi mbona hawasemi?"

Moza alikaa kitako karibu naye, akauvuta ungo upande wake, akaanza kutoa mawe.