Tiki Nne Nilizoweka Bila Kupanda

Siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, na kwa kuwa umeniletea barua yako ya kuitwa chuoni ukasomee ufundi wa mitambo, nitakusimulia kabla hujafunga begi. Watu hunijua kama Fundi Nafula aliyestaafu kwa heshima. Hii ni habari ya Nafula mwingine.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka kwetu Chekalini kuja kusomea ufundi huo huo mjini Kakamega, nikakaa Amalemba kwa senje, dada ya baba yangu. Darasani tulikuwa wasichana wawili tu. Mwaka wa pili tulitawanywa viwandani tukajifunze kwa vitendo, nami nikapelekwa kiwanda kimoja cha sukari, jina lake halina haja hapa.

Niliwekwa chini ya Bwana Ambani, mtu wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi. Kazi yake ilikuwa kutia grisi mashine za upande wa boila, lile pipa kubwa la kuchemshia mvuke. Palikuwa na mkanda mrefu uliopandisha makapi makavu ya miwa hadi juu, yakachomwe kwenye boila. Beringi za chini, vile vyuma vinavyoshika mhimili unaozunguka, alizishughulikia mwenyewe. Ile ya juu kabisa aliniachia mimi, maana alitaka nijifunze. Kila asubuhi niliweka tiki kwenye karatasi kuonyesha nimeitia grisi, naye akatia sahihi yake chini.

Kufika kwenye beringi ile ilibidi upande ngazi ya chuma iliyosimama wima ukutani. Nilipanda siku ya kwanza. Nikiwa katikati nilitazama chini, miguu ikaanza kutetemeka, na vijana wawili waliokuwa wakifagia wakasimama kunitazama. Nilimaliza kazi, nikashuka, nikasema moyoni kwamba sirudi huko. Lakini ningemwambia nani? Tangu nianze masomo nilikuwa nikisikia kwamba msichana hawezi kazi hii. Niliona heri nife kuliko kuwapa watu hao la kusema.

Basi siku ya pili nilizunguka nyuma ya boila na bomba langu la grisi, nikakaa kidogo, nikarudi nikaweka tiki. Siku ya tatu hivyo hivyo. Ambani aliniuliza, "Umepanda?" Nikamjibu nimepanda. Mwanangu, uongo wa kwanza ulinikosesha usingizi. Wa nne niliusema huku nikinywa chai.

Siku hiyo hiyo, saa nane mchana, tuliona moshi juu ya mkanda. Beringi ilikuwa imekauka, ikapata moto hadi ikawa nyekundu, na makapi yakashika moto. Ambani hakungoja mtu. Alipanda ngazi ile ile na gunia lililoloweshwa maji, akaupigapiga moto hadi ukazimika. Aliposhuka, ngozi ya mkono wake wa kulia ilikuwa imebabuka hadi kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa nimesimama chini, bomba la grisi mkononi, limejaa.

Uchunguzi haukuchukua muda. Beringi ilifunguliwa, ikaonekana haikuwa na grisi. Karatasi ilikuwa na sahihi ya Ambani, kwa hiyo Ambani ndiye aliyesimamishwa kazi. Mimi sikuulizwa kitu. Nilikuwa mwanafunzi, nikanyamaza.

Nilinyamaza siku tatu. Siku ya tatu Ambani alikuja kuchukua viatu vyake vya kazi, mkono umefungwa bandeji. Nilikutana naye langoni nikakosa pa kujificha. Akaniuliza kama naendelea vizuri, kisha akasema, "Usijilaumu, binti yangu. Wewe ulipanda. Labda beringi yenyewe ilikuwa mbovu."

Nilimtazama akienda na viatu vyake kwapani. Kisha nikarudi karakana moja kwa moja, nikamtafuta Mzee Swaleh, fundi mkuu, mtu wa Matungu, ambaye sote tulimwogopa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Alimaliza kufuta mikono kwa kitambaa, akachukua ile beringi iliyoungua kutoka mezani, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nzito, nyeusi.

"Kuogopa ngazi si kosa," akasema. "Ungeniambia, tungepanda pamoja. Lakini sisi tunaingizanga mikono ndani ya mashine kwa sababu mwenzetu ameandika kwamba ni salama. Ukiandika uongo, unataka mkono wa nani ubaki humo?"

Akanipeleka kwa meneja nikarudia maneno yale yale. Ambani aliitwa kazini wiki ile ile. Mimi nilirudishwa chuoni, na chuo kikaniambia ningojee mwaka mzima ndipo nirudie mafunzo ya kiwandani. Senje alilia. Baba hakuniandikia barua kwa muda mrefu.

Kabla sijaondoka nilikwenda nyumbani kwa Ambani. Mkewe alinipa kiti, akanipikia obusuma, ugali wa kwetu, na mboga. Nilimwomba Ambani msamaha. Aliutazama mkono wake.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini sitatia sahihi chini ya jina lako tena."

Na hakutia. Nilirudi kiwandani mwaka uliofuata. Mzee Swaleh alipanda nami ngazi ile kila asubuhi kwa wiki mbili, yeye nyuma, mimi mbele, hadi miguu ikazoea. Baadaye niliajiriwa kiwandani humo humo, nikafanya kazi na Ambani miaka sita. Alinisalimia vizuri, tulikula pamoja, alikuja hata kwenye harusi yangu. Lakini kila nilipotia grisi mahali, alikwenda akagusa kwa kidole chake kwanza, ndipo akaandika mwenyewe. Iliniuma. Sikumlaumu.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: huko uendako watakufundisha kufungua pampu na kusoma michoro ya umeme, na hayo utayajua kwa sababu una akili. Mimi nakuomba jingine. Usilolifanya, sema hujalifanya, hata kama wanaokutazama watacheka. Kicheko kitaisha kabla ya chai ya saa nne. Ukiogopa kitu, mwambie aliyekutangulia. Na ukikosea, usingoje siku tatu kama mimi, maana kila siku unayonyamaza kuna mtu anayebeba mzigo wako. Msamaha unaweza kuupata mara moja; kuaminiwa tena huenda usikupate kamwe, na utalazimika kufanya kazi vizuri hivyo hivyo.

Nenda salama. Mungu aihifadhi mikono yako na ya wote watakaofanya kazi kando yako, akupe walimu wenye subira, na popote utakapoandika jina lako, watu walale bila wasiwasi.