Vigingi Kumi na Viwili vya Umurinzi

Juzi mjukuu wangu aliingia jikoni akitikisa kopo tupu la maziwa ya unga. Mlio wa mbegu ngumu zikigonga bati niliutambua kabla sijageuka. Nilimnyang'anya kopo, nikazimimina zote mezani: mbegu nyekundu zinazong'aa, kila moja na doa lake jeusi. Nzuri kutazama, lakini ni sumu zikiingia tumboni, kwa hiyo kumnyang'anya ilikuwa halali yangu. Kumfokea vile, hapana. Nilifoka mpaka mtoto akalia, na mama yake akachungulia kutoka uani kujua kulikoni. Sikumweleza. Hasira yangu na mti unaozaa mbegu zile ina umri mkubwa kuliko yeye, na ningeanza kueleza, ugali ungeungua. Nawaeleza ninyi, kwa kuwa ninyi hamtakimbilia kuniambia kwamba yaliyopita yamepita.

Mti wenyewe sisi Waha tunauita umurinzi. Bwana miti mmoja aliwahi kuniambia kwamba ndugu zake ni wengi, mmoja mti mkubwa, mwingine kichaka tu, wametapakaa nchi zote za joto, na wengi wao wana maua mekundu. Nilimjibu kwamba huyu mmoja wa kwetu alinitosha. Gome lake ni nene, lina miiba mifupi inayochana nguo. Kiangazi hupukutisha majani yote ukabaki mtupu kabisa, na hapo ndipo hutoa maua, mekundu mpaka unayaona kutoka kilima cha pili. Kwetu, mlimani juu ya Kalinzi, ulisimama mbele ya mlango wa Bibi, mama yake Baba. Hatua chache kutoka shinani palikuwa na kaburi la Babu. Asubuhi ndege walikuja kunyonya maua na kupigana, na Bibi aliwagombeza kwa majina aliyowapa mwenyewe. Mimi nilizaliwa katika nyumba ile, mtoto wa saba, ndiyo maana naitwa Nyandwi. Wakubwa zangu walikuwa wameshaolewa au wamekwenda kutafuta kazi, hivyo nyumbani mtoto nilikuwa peke yangu.

Mwaka tuliohamishwa nilikuwa darasa la tatu. Tuliambiwa watu waliotawanyika milimani wakusanyike katika kijiji kimoja kando ya barabara, nyumba zikae kwa mistari, karibu na shule na duka. Shule kweli ilikuwa karibu, nami niliifurahia. Maji yalikuwa bondeni, mbali, kwenye kijito ambacho njia yake ilikuwa mteremko mkali wa udongo mwekundu. Aliyechagua mahali pale, popote alipo, hajawahi kubeba maji kichwani.

Baba alikuwa mtu wa kutii. Aliezua nyasi za paa letu kwa mikono yake kabla hajaambiwa mara ya pili. Mama alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mtu wa mjini aliyefuata mume mlimani, na moyoni nadhani alifurahi kusogea barabarani. Aliyekataa alikuwa Bibi. Aliketi kwenye kigoda chake chini ya ule mti na kusema kwamba lori likitaka kumchukua limchukue na mti. Maskini balozi wetu wa nyumba kumi alipata kazi. Huku chama kinamtazama, huku huyu ni mwanamke aliyemjua balozi mwenyewe tangu akiwa kitoto cha kubebwa mgongoni. Alipanda kilima mara tatu kumbembeleza. Alizungumza habari za maendeleo, Bibi akamkaribisha uji. Alizungumza tena, Bibi akamwongeza uji.

Mara ya tatu Bibi alitoa sharti lake, na mimi nilikuwepo nikisikiliza. Kwetu ilikuwa desturi kwamba mtu akihamia kiwanja kipya, hukata matawi ya umurinzi wa zamani na kuyasimika kuzunguka kiwanja yakiwa mabichi. Yakishika na kuchipua, mahali pamekukubali. Bibi akasema, "Nitashuka. Nitasimika vigingi vyangu kwa mkono wangu. Hata kimoja kikichipua, nitakaa huko mpaka nife. Kisipochipua hata kimoja, nitarudi kwa mume wangu, na wewe hutanizuia."

Balozi alicheka. "Mama, umurinzi gani usiochipua? Huo hata ukiuangusha njiani unashika."

"Basi wasiwasi wako nini?" Bibi akamwuliza, na wakakubaliana mbele ya Baba.

Nilifurahi mno. Bibi ndiye aliyenilea mgongoni mwake Mama alipokuwa shambani, na nilikuwa nimezoea kulala naye kitanda kimoja. Sikuwaza kijiji kipya bila yeye. Na sasa kumbe ilitosha kijiti kimoja tu kitoe jani.

Tulipofika, Bibi alisimika vigingi kumi na viwili peke yake, asubuhi moja, akiwa amefunga kanga kiunoni. Hakutaka kusaidiwa. Alipomaliza alinikabidhi ndoo ndogo ya bati na kusema kwamba aliyezaliwa chini ya mti ule ndiye wa kuunywesha. Kiangazi kilikuwa kimekolea, mvua bado mbali. Nilipokea ndoo ile kama mtu aliyepewa cheo.

Wiki ya kwanza nilikuwa askari. Asubuhi kabla ya shule safari moja ya kijitoni, jioni safari mbili. Ndoo ilijaa bondeni na kufika juu nusu, nusu nyingine ikiwa mgongoni mwangu. Nilimwagilia vigingi vyote kwa usawa, kwa kikombe, nisije nikapendelea. Wiki ya tatu nilianza kuvichungulia kwa karibu kila asubuhi, nikitafuta japo uvimbe. Hakuna. Nikaongeza safari. Nikavizungushia mbolea ya mbuzi, nikavifunika miguuni kwa nyasi. Nilisali sala ya shuleni, kisha kwa tahadhari nikamwomba Mama anifundishe dua. Mama alinifundisha, lakini alicheka. "Mti ni mti tu, mwanangu. Utajivunja shingo."

Kilichonitia uchungu kabisa kilikuwa kwa jirani. Jirani yetu, mzee mmoja mpenda pombe ya ndizi, alikuwa amejenga kichanja cha kuanikia vyombo kwa miti ya umurinzi, kwa sababu ndiyo aliyoikuta njiani. Hakumwagilia hata tone. Ukiacha maji machafu ya sufuria, miti yake haikuonja kitu. Basi kichanja kile kikachipua. Kikatoa majani miguu yote minne, mabichi, mapana, mpaka mkewe akawa anayakata yasiangushe vikombe. Nilipita pale kila siku na ndoo yangu kichwani, nikiangalia kichanja kilichonawiri, na niliwachukia watu wale wasio na kosa. Nililia kwa hasira njiani, si mara moja. Nilijiuliza mikono yangu ina nini.

Mvua zikaja. Nikasema sasa. Asubuhi moja niliona kitu cheupe kimejitokeza ubavuni mwa kigingi cha tano, nikakimbia nyumbani nikipiga kelele kwamba kimechipua. Baba alitoka, Mama akatoka, Bibi akatoka taratibu nyuma yao. Baba aliinama, akakigusa kwa kidole. Ulikuwa uyoga, ule mdogo unaoota kwenye mti uliooza. Hakuna aliyenicheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kuchekwa. Bibi alirudi ndani.

Mwezi wa pili wa mvua balozi alikuja kukagua. Alizunguka kiwanja, akakishika kigingi kimoja kimoja na kukitikisa. Vyote vililegea. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo, na nadhani alitaka kuuliza kama kweli vilipewa maji, maana alinitazama. Sikumwacha aulize. Nilianza kumweleza safari zangu zote, mbolea, nyasi, sala, huku nalia kwa kwikwi, nikamwomba atupe mwezi mmoja tu zaidi, nitapanda safari tano kwa siku. Nilimshika shati. Balozi akavua kofia yake.

"Mtoto amefanya kazi yake," alisema kwa sauti ndogo. "Mahali hapa pamemkataa mama. Mimi siwezi kushindana na hilo."

Kwenye makaratasi aliandika kwamba bibi kizee mmoja amebaki mlimani kuchunga mibuni, na kwa kuwa kahawa ilithaminiwa, hakuna aliyemsumbua. Bibi alifunga mkeka wake siku iliyofuata. Kabla hajaondoka aliniwekea kiganja kichwani. "Mwana wanje, si wewe," alisema, yaani mwanangu. Mimi nilidhani ananituliza, kama watu wazima wanavyosema kwa mtoto aliyevunja chungu.

Aliishi kule miaka sita. Nilikwenda kumwona siku za Jumamosi, mwendo wa saa nzima kupanda, na kila mara nilifika nikiwa na aibu. Alifariki kulekule, akazikwa pembeni mwa Babu. Siku ya mazishi watu walisema amekufa alipopataka, nami nilisimama nyuma nikiwaza kwamba amekufa peke yake kwa sababu mimi sikujua kumwagilia mti unaoota hata kwa maji ya sufuria.

Msidhani natia chumvi. Shuleni kwenye shamba la darasa nilikuwa naomba kupalilia tu, nisipande. Nilipoolewa na kuja kuishi hapa Rusimbi, mjini, mume wangu ndiye aliyepanda mchicha, na majirani walimtania kwamba amejitwalia kazi za mke. Nilisema nina mkono mbaya. Nililisema kwa miaka mingi mpaka likawa kweli. Hata watoto wangu walijua mama asiguse miche.

Kisha Baba, mzee tayari lakini bado ana nguvu, akaja kunijengea jiko la nje. Alikata miti mibichi, nami nikawa namshikia ili asimike. Kila mti alioupokea aliutazama, akapapasa makovu ya majani yaliyoanguka ajue upande wa juu ni upi, akaugeuza kichwa chini miguu juu, ndipo akautia shimoni. Nilimwuliza kwa nini anahangaika kuigeuza.

"Isichipue," alijibu, huku akishindilia udongo. "Mti mbichi ukiusimamisha kama ulivyoota, utatoa matawi ndani ya ukuta, upasue udongo wote. Ukiupindua, unakufa. Wanawake wa kwetu wote walijua hivyo, hata mama yangu."

Alikuwa amekwisha kusema kabla hajakumbuka anazungumza na nani. Mkono wake ulisimama. Mimi nilikuwa bado nimeshika mti.

"Vile kumi na viwili," nikasema.

Baba alikaa chini kwenye rundo la udongo. "Niliviona siku ileile. Makovu yalikuwa yametazama chini, vyote."

"Ulikuwa unavipita kila asubuhi. Mimi nabeba maji, wewe unavipita."

"Ningesema nini? Ningemwambia balozi, mama yangu angeburutwa. Ningekwambia wewe, ungeacha kulia." Alifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Balozi hakuwa mjinga, Nyandwi. Alikuja pale akijua kina mama wana ujanja wao. Aliyaamini machozi yako. Yangekuwa ya uongo, angeyajua."

Sikumsemesha Baba siku mbili. Nilimpakulia chakula, nikamwandalia maji ya kuoga, shikamoo nikampa, lakini mazungumzo hayakuwepo. Siku ya tatu nilimsemesha kwa sababu alikuwa mzee na jiko lilikuwa zuri. Yeye naye sasa hayupo, na sina wa kugombana naye tena, jambo ambalo nalo linaniudhi.

Nimewaza sana tangu hapo. Bibi namwelewa. Hakuweza kumwambia mwanawe hapana, wala chama, wala lori, akauachia mti umsemee. Angekuwa mtu mwingine ningesimulia kisa chake kwa majivuno. Hata kile kiganja kichwani naelewa sasa kwamba alikuwa ananipa ukweli wote aliothubutu kunipa. Lakini aliniona nikipanda mteremko ule na ndoo, miezi mitatu, na jioni alinikanda shingo kwa mafuta ya mawese akijua ninabeba maji ya bure. Hapo ndipo kumsamehe kunanishinda, nikijaribu leo, nikijaribu kesho.

Kwa muda mrefu nilidhani walinichagua kwa sababu nilizaliwa chini ya mti ule. Sasa nafahamu sababu. Baba alitaka mama yake arudi mlimani salama, Bibi alitaka kaburi la mumewe, Mama hakujali mti, na balozi alitaka kisingizio. Katika watu wote waliosimama kwenye kiwanja kile, mmoja tu ndiye aliyetaka kwa moyo wake wote vigingi vile vichipue, na huyo ndiye waliyempa ndoo.