Mkono Juu ya Boneti Nyeusi

Gerrit Hoekzema alikuwa na ugomvi na vumbi. Si vumbi la nyumbani kwake, maana ungeingia sebuleni mwake ungedhani kuku ndio wapangaji. Ugomvi wake ulikuwa na vumbi lililothubutu kukaa juu ya gari la zamani mbele ya kamera yake. Hilo alilichukia kama mtu anavyomchukia mkwe mlevi.

Kwetu huku Michigani, Marekani, baba zetu ndio waliyaunda magari hayo, wengine wakaacha vidole vyao viwandani, kwa hiyo mtu anayeyapiga picha hatumwoni mchezaji. Tunamheshimu kama mwosha maiti. Kalenda zilizoning'inia kwa vinyozi wetu wote zilikuwa kazi ya Gerrit, na matajiri wa mbali walimwita waonyeshane kwa picha zake vitu wasivyojua hata kuviendesha. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kabla kompyuta hazijaanza kuwafuta watu chunusi. Doa likishaingia kwenye filamu, basi, limeingia. Ndiyo maana mfuko wa nyuma wa suruali ya Gerrit haukukosa kitambaa laini kilichotiwa spiriti kidogo, na ndiyo maana mkono wake ulijifunza kwenda kwenye doa wenyewe, bila kumwomba ruhusa.

Alikuwa na kiburi pia, tusifichane. Wenzake hupiga picha za kujaribia kabla ya ile yenyewe. Yeye hakupiga. Alingoja jua lizame, anga lote ligeuke taa moja kubwa isiyo na kivuli, akapiga mara moja akafunga virago. Mwanga huo haukai. Ukijikuna umekupita.

Bi Hattie Dykhouse alimkamata mlangoni mwa kanisa, baada ya ibada ya asubuhi. Mama huyu mjane alikuwa akiishi peke yake kwenye shamba lao la ng'ombe, kando ya barabara ya mfereji. Alimtia Gerrit peremende kiganjani, kama wafanyavyo bibi zetu wakitaka jambo, akamwambia shamba limeuzwa, naye anahamia nyumba ya wazee.

"Na lile gari la Lyle, ile Pontiac?" Gerrit akauliza.

"Inachukuliwa kesho asubuhi. Bwana mmoja wa Ohayo. Anasema ataikwangua rangi yote aipake upya." Akamfumba kiganja juu ya peremende. "Ndiyo maana nakuomba leo, Gerrit, ingawa ni Jumapili. Mungu atanisamehe, na asiponisamehe tutaongea huko huko."

Wote tulijua habari ya Lyle. Alikuwa mwana wa pekee wa Bi Hattie. Asubuhi aliyoondoka kwenda vita vya Vietnamu alibadilisha oili ya gari lake, akashindilia boneti kwa kiganja kilichojaa grisi, akapanda basi. Alirudi ndani ya sanduku lililofungwa, na familia ikaambiwa isilifungue. Mama yake hakuona hata ukucha. Lakini kule ghalani, juu ya boneti nyeusi, kile kiganja kilibaki. Vumbi lilishika kwenye grisi, grisi ikakauka, mkono ukatokea wa kijivu, vidole vyote vitano na mistari yake. Kila masika Bi Hattie aliliosha gari lile akiuzunguka mkono kwa ncha ya taulo, pumzi ameibana.

"Picha za sura yake ninazo," alimwambia Gerrit. "Sura hata mpiga picha wa shule aliipata. Nataka mkono. Nilijaribu na kamera yangu ya dukani, ikatoka paa la ghala na uso wangu mwenyewe. Hiyo rangi nyeusi inaonyesha kila kitu isipokuwa yeye."

"Nitakupatia, Bi Hattie. Usiwe na wasiwasi."

Alimaanisha. Hilo naomba lieleweke.

Jioni alifika shambani na kamera yake kubwa ya sanduku. Jirani, Harm Boersma, alikuwa ameshalivuta gari kwa trekta hadi nje, pembeni mwa shamba la mahindi yaliyokwisha kukatwa. Hapakuwa na mti wala nguzo upande wa magharibi. Gerrit akalizunguka gari kimya. Alikuwa amepiga magari meusi mengi, lakini yote yalikuwa yamepakwa upya, yanang'aa kama viatu vya harusi. Hili lilikuwa na rangi yake ya kuzaliwa, iliyotunzwa na mama kwa taulo, ina kina kama kisima. Roho ya Gerrit ikaingiwa na tamaa. Akaanza kusogeza kamera nyuma, nyuma tena, mpaka gari zima likaenea.

"We Gerrit," Harm akasema, "umevaa soksi mbili tofauti, halafu unataka gari lisiwe na kasoro?"

"Soksi haziendi kwenye kalenda."

"Kumbe tunapiga kalenda? Si bibi kasema mkono tu? Piga mkono wa watu kwanza, hayo madoido yako baadaye."

"Harm, mimi nimewahi kukufundisha kukamua?"

"Hujawahi, na ng'ombe wanakushukuru." Harm akapanda trekta. "Haya, wameshaanza kunililia. Lakini mkono kwanza, bwana. Mkono."

Gerrit akamwashiria aende zake. Gari zima kwanza, alijiambia, kisha atasogea apige mkono kwa karibu, mwanga utatosha yote mawili. Bi Hattie, baada ya kumwonyesha mkono ulipo, alikuwa amerudi jikoni kupasha supu ya njegere. Alisema hawezi kutazama, angetoka kazi ikiisha.

Jua likazama. Anga likatulia, likawa jeupe lenye wekundu kidogo chini, na ubavuni mwa Pontiac ukachoreka mstari mmoja wa mwanga toka taa hadi taa, haukuvunjika popote. Lo! Gerrit alisahau kupumua. Akajifunika kitambaa cheusi kichwani, akainama kwenye kioo cha kamera.

Wasioijua kamera ya aina ile wajue jambo moja. Kwenye kioo chake dunia husimama kichwa chini miguu juu. Gari linaning'inia, anga liko chini. Mgeni husikia kizunguzungu, lakini Gerrit alishazoea hata akawa haoni tena vitu humo. Haoni gari, haoni mlango, haoni taa. Anaona mstari wa mwanga, na anaona kinachouharibu. Mazoea yana taabu. Aliufuata mstari ule pole pole kwa jicho, ubavuni, ukapinda ukapanda boneti, ni safi, ni safi, ni safi, kisha akaona doa. Kitu cha kijivu, kimepinduka, kina vijitawi vitano vikielekea chini.

Akatoka. Akatembea haraka maana mwanga haungoji mtu. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye ule mstari, kama utakuwepo akirudi. Akapafuta. Palikuwa pagumu kidogo, akakaza mkono, akarudia. Akapapulizia pumzi, akapapitisha upande mkavu wa kitambaa. Akarudi mbio chini ya giza lake, akatazama kioo. Safi. Akapiga.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na alilijua hilo papo hapo, hata akacheka peke yake. Akaikunja miguu ya kamera, akainyanyua, akasogea nayo mpaka karibu kabisa na boneti.

"Haya, Lyle," akasema. "Zamu yako."

Akatafuta. Akainamia upande mwingine ili mwanga ukate vizuri. Akazunguka. Hapo akatoa kitambaa mfukoni, akakikuta kimepata weusi mahali pamoja. Akashika taa ya gari.

Mlango wa jikoni ukalia. Bi Hattie akaja amejifunga koti, akipita taratibu juu ya mabua ya mahindi.

"Umemaliza? Supu iko tayari." Akafika kwenye gari, akainama pale alipozoea kuinama. "Giza limeingia haraka leo. Au ni macho yangu?"

"Si macho yako, Bi Hattie."

Akaendelea kutazama.

"Nimeufuta," Gerrit akasema. "Nilidhani ni doa."

"Lakini nilikuonyesha. Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Basi kwenye picha. Si umepiga? Nimekuona dirishani ukipiga. Kwenye picha umo."

"Haumo. Nilifuta kwanza, ndipo nikapiga."

Gerrit alitaka mama amtukane. Angempiga hata kofi angeshukuru, maana kofi lina mwisho. Bi Hattie hakufanya lolote kati ya hayo. Alivua glovu ya mkono wa kulia, akaweka kiganja chake juu ya boneti, pale pale, akakibonyeza. Bati lilikuwa limeshapoa na umande ulikuwa umeanza kushuka.

"Miaka yote hii sikuugusa," akasema. "Hata siku moja. Niliogopa nitaufuta. Usiku ule walipomleta nilikwenda ghalani nikausimamisha mkono wangu juu yake hivi, nikaacha nafasi ya kupita karatasi. Kumbe ningeweka tu, Gerrit. Ningemshika mwanangu walau mara moja."