Mashine ya Gemu Isiyo na Mdomo

Banda la gemu la shemeji yangu na kibanda changu cha cherehani vinatenganishwa na ukuta wa mabati tu, hapa Buhongwa. Kwa hiyo mimi ni shabiki wa mpira ambaye hatazami. Nasikia tu. Benchi likianguka, najua kuna goli. Pakiwa kimya halafu sarafu igonge meza, najua kuna mtu kafungwa, maana sheria ya pale ni moja: anayefungwa ndiye analipa, anayeshinda anabaki na padi ya kuchezea.

Nimeishia darasa la saba, na mambo haya nayaandika kama nilivyoyaona, si kama mjuzi. Pengine kuna mahali nitakosea. Lakini zile mashine nazikubali kwa dhati. Ile ya kwanza ya shemeji ilikuja ikiwa imeshatumika, ikala vumbi la malori yanayopita kwenda Shinyanga, ikakatikiwa umeme katikati ya mechi sijui mara ngapi, na bado ukiiwasha inawaka. Cherehani yangu isingevumilia hivyo. Walioitengeneza sidhani kama waliifikiria Buhongwa, lakini walitengeneza kitu kinachoiweza Buhongwa.

Kilicholisha banda ni sidii. Sidii za gemu ni ghali, kwa hiyo shemeji alishirikiana na wenye mabanda wengine wawili: dada mmoja wa Butimba, ambaye wateja wake ni wanachuo wa ualimu, na jamaa mmoja wa Ilemela, jirani na uwanja wa ndege. Kila mmoja alinunua zake, na kila Jumatatu asubuhi zilizunguka: za Ilemela zinakuja kwetu, zetu zinaenda Butimba, za Butimba zinaenda Ilemela. Wateja waliona gemu tofauti kila wiki, wakadhani shemeji ana hela. Niliipenda sana akili ile.

Mwaka huu wateja wakaanza kupungua. Gemu mpya zilikuwa haziingii kwenye mashine ya zamani, na wengine walikaa tu kwenye benchi wakicheza kwenye simu zao, bure. Shemeji akauza pikipiki yake, akaenda mjini, akarudi na mashine ya toleo jipya, nyeupe, imefungwa vizuri kama keki ya harusi. Mwenye duka alimwambia hiyo ndiyo ya bei nafuu katika zile mpya. Hakumdanganya. Ila shemeji hakuuliza kwa nini ni nafuu, na hata mimi nisingeuliza.

Aliitoa kwenye boksi mbele ya wateja. Akashika sidii mkono mmoja, akaigeuza mashine mbele, nyuma, pembeni. Akaipapasa chini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Bosi," akasema dereva bodaboda mmoja ambaye hakosi pale, "umeuziwa friji."

"Kaa kimya wewe."

"Sasa mdomo uko wapi? Itakula nini?"

Mwingine akadakia: "Inakula bando!"

Benchi zima likacheka. Shemeji naye alicheka, lakini niliona anavyoirudisha sidii kwenye kasha lake, taratibu, kama mimi ninavyokunja suruali iliyokataliwa na mteja. Baadaye akaja kukaa kwenye kigoda changu.

"Shem, nimekwisha. Gemu zake zinanunuliwa kwenye mtandao, zinakaa humo humo ndani. Huwezi kutoa ukampa mtu."

"Irudishe."

"Mwenye duka amekataa, boksi limeshafunguliwa."

"Kwa nini watu watengeneze kitu cha hivyo?"

"Wanataka kila mtu acheze kwake, anunue ya kwake. Wanasema huko mbele hata mashine haitakuwepo. Gemu litakuwa linakuja lenyewe kwa intaneti, kama maji ya bomba."

"Maji ya bomba ya hapa Buhongwa?"

Akatabasamu kidogo, akaondoka.

Nilibaki napiga pindo za sare za shule, nikitaka kuwaita hao wenye kampuni wachoyo. Halafu nikajiuliza: mimi nikishona gauni moja, wakalivaa wanawake wa nyumba tatu kwa zamu, nitafurahi? Nitanuna. Sidii moja ililisha mabanda matatu, na wao waliuza mara moja tu. Wana hesabu yao. Lakini pia mabanda haya ndiyo yaliyowafundisha vijana wa huku kuzipenda hizo mashine. Sina hakika nani ana haki zaidi. Huenda wote.

Jumatatu dada wa Butimba akaja kuchukua sidii.

"Shikamoo dada," shemeji akamwambia.

"Marahaba. Nasikia umenunua friji."

"Hata wewe?"

Akaiinua mashine kwa mikono miwili, akaipima uzito. "Sawa, gemu halitoki ndani. Na mashine yenyewe haitoki?"

"Unataka nikuachie?"

"Sidii zako si huwa unaniachia?"

"Sidii ni sidii, dada. Hii ni pikipiki yangu."

Dada hakucheka. "Ndiyo maana nakuomba, sikunyang'anyi. Wa Ilemela ana intaneti ya kulipia kwa mwezi, gemu zipakuliwe kwake, kununua tuchange wote. Ijumaa mpaka Jumapili ikae kwako, maana ndipo una watu. Kwangu ije katikati ya wiki."

Shemeji akanitazama. Nikaenda kupekua kibandani kwangu. Nilichokuwa nacho ni kipande cha sponji ya godoro na kitambaa cha jinzi kilichobaki. Nikaipima mashine kama napima mteja, mabega na kiuno, nikaishonea mkoba wa kuvaa mgongoni.

Aliyeibeba ni yule yule dereva bodaboda. Shemeji alimfunga mikanda ya mkoba kwa mkono wake.

"Ukianguka, anguka wewe. Mkoba ubaki juu."

"Friji itafika, bosi."

Wiki ile shemeji hakuwa mtu wa kuongea naye. Alipiga simu Ilemela, akapiga Butimba, akapiga tena. Ijumaa mkoba ukarudi ukinuka dagaa, maana dada anauza na dagaa pale pale bandani. Mashine ikawashwa, gemu jipya limo. Kabla ya jioni benchi lilikuwa limeanguka mara kadhaa, na nikajikuta nacheka peke yangu huku sindano iko juu.

Imezunguka hivyo kwa miezi sasa. Pikipiki bado hana, lakini banda lina watu. Juzi dada wa Butimba amekuja na kitambaa chake mwenyewe cha jinzi, anataka mkoba kama ule. Wanachuo hawakubali tena mashine iondoke, kwa hiyo amenunua ya kwake, nayo haina mdomo.

Kwa hiyo kampuni imeuza mbili. Nilidhani sisi ndio tuliowazunguka. Sasa sina uhakika. Niliposema hivyo shemeji alikuwa anafuta vumbi kwenye padi. "Mshonee vizuri, shem," akasema. "Na ya kwake itakuwa inakuja huku."